Siku moja maishani mwangu: nachapa barua za kazi Unguja

Saa 12:30 asubuhi. Steshenari yangu iko karibu na soko la Mwanakwerekwe, na huifungua kabla majirani hawajaamka vizuri. Anayekwenda kuomba kazi Nungwi au Paje anataka karatasi zake mkononi kabla hajapanda daladala. Nachapa barua za maombi, natengeneza CV, natoa kopi za vyeti, naskani na kutuma kwa barua pepe. Hali ya ajira ya kisiwa hiki inapita juu ya meza yangu kila siku.

Ni mwanzo wa Juni, masika yamekatika. Aprili na Mei hoteli nyingi za pwani hupunguza wafanyakazi, nyingine hufunga kabisa, na wahudumu wakarudi makwao kusubiri wageni. Sasa wageni wanaanza kuingia, na foleni yangu imefika barabarani.

Saa 2. Kijana wa Pwani Mchangani anaketi mbele yangu. Ameshafanya kazi misimu mitatu katika hoteli moja, kila msimu mkataba mpya wa miezi sita, na hajawahi kupewa hata barua ya kuthibitisha alikuwepo.

"Dada, niandikie nilikuwa jikoni, nasaidia saidia."

"Unasaidia nini?"

Kwanza anasitasita, kisha maneno yanatoka. Anapokea samaki kwa wavuvi alfajiri na kukataa waliolala. Anapasua jodari na kutoa minofu, anachemsha pweza mpaka alainike, anaandika joto la friji kwenye daftari mara mbili kwa siku, na chai ya asubuhi huandaa yeye na mwenzake mmoja tu. Kiitaliano anaongea cha kutosha kumuuliza mgeni kama kuna chakula kinachomdhuru. Nimeandika yote hayo, moja moja. Nilikataa kabisa kuandika "msaidizi". Mtu huyu ni fundi wa samaki, na meneja anayesoma karatasi yake ana haki ya kulijua hilo.

Hapa ndipo roho inaponiuma. Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea wageni 638,498, na mwaka 2024 wakafika 736,755. Kazi zipo, tena zinaongezeka. Lakini nafasi za mapokezi, uhasibu na usimamizi mara nyingi huchukuliwa na watu wa Arusha, Dar es Salaam au Kenya, huku watoto wa vijiji vinavyopakana na hoteli wakibaki bustanini na getini. Hao waliotoka nje ya kisiwa siwalaumu hata kidogo, wamekuja na vyeti vyao na Kiingereza chao. Nalaumu kwamba kijana wetu anafanya kazi ileile miaka na miaka bila mtu kumpa karatasi inayosema anaijua.

Saa 4. Zamu ya walimu. Hawa ni wahitimu wa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na vyuo vingine, na bahasha zao zote zinakwenda serikalini. Ukiwauliza kwa nini, jibu ni moja: mshahara wa serikali haujui masika. Nawaelewa. Lakini sensa ya 2022 ilituhesabu watu 1,889,773, na tunaongezeka kwa asilimia 3.7 kwa mwaka. Hakuna wizara itakayowabeba wote hawa. Ilani ya CCM ya mwaka 2020 iliahidi ajira 300,000 kwa miaka mitano. Mimi ajira ninayoitaka kuiona ikihesabiwa ni ile inayovuka Aprili na Mei mtu akiwa bado kazini.

Baadaye adhuhuri, sala, chakula cha haraka, narudi.

Saa 8. Anaingia mama kutoka Jambiani, analima mwani tangu kilimo hiki bado kipya. Huku mashariki kilianza kibiashara mwaka 1989. Kikundi chao kinataka barua ya kuomba mkopo wa vifaa vya kutengenezea sabuni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Niandikie vizuri, wasituone watu wa kubahatisha."

Ananieleza kuhusu kotonii, mwani wenye bei nzuri, ambao bahari ikipata joto hulainika na kukatika kwenye kamba. Umebaki spinosum, aina nyingine ya mwani, unaostahimili zaidi lakini bei yake ni ndogo. Ndiyo maana wanataka kuusaga wenyewe na kuuza sabuni badala ya magunia. Nimeingiza maelezo yote hayo kwenye barua.

Binti yake hataki mwani, anataka hoteli. Mama hana neno na hoteli, ana neno na zamu.

"Akitoka saa 5 usiku, mwanangu atarudi na nini? Daladala hakuna."

Swali lile halina jibu ndani ya CV. Nikichapa barua za wasichana wa vijijini naona wazi wanazipeleka wapi: kwenye hoteli zenye gari la wafanyakazi. Hoteli isiyo na gari husema wasichana wa hapa hawapendi kazi. Si kweli.

Saa 10. Kijana wa Pemba, yuko njia panda. Ameitwa kwenye usaili wa hoteli, na mwezi ujao karafuu huanza kuchumwa kwao Wete. Mikarafuu ikizaa, miezi michache ya kuchuma na kuanika, kisha kuuza ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, inaweza kumpa kuliko mshahara wa anayeanza hotelini. Isipozaa, amekosa kote kuwili. Nikamwambia apige simu kwa mama yake kabla sijachapa chochote. Alisimama mlangoni akaongea muda mrefu, akarudi: mwaka huu mikarafuu imeshika kidogo. Tukachapa CV.

Saa 11:30. Msichana ameleta mkataba nimtolee kopi, asaini kesho. Nikamwomba tuusome pamoja. Mshahara umeandikwa, na haupungui shilingi 347,000, kiwango ambacho serikali ilikitangaza kwa watumishi wa umma mwaka 2022 na ambacho wateja wangu hupimia mishahara yao. Muda ni Juni hadi Machi, yaani unakwisha masika yakiingia. ZSSF, Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, haikutajwa popote. Hiyo ndiyo akiba ya uzeeni, na huku kwetu kazi ina sheria zake na mfuko wake, tofauti na bara. Nikapigia mstari kwa penseli, nikamwambia aulize kabla ya kusaini, kwa adabu, mbele ya shahidi.

Magharibi inaadhiniwa nikifunga mlango. Simu inalia, ni ujumbe wa yule msichana wa mkataba: ameuliza, ofisi imesema itaongeza kipengele cha ZSSF, atasaini Jumamosi.

Mnaokuja kesho, njooni na kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, vyeti halisi, na namba ya simu ya mtu aliyewahi kuwasimamia kazini. Na njiani fikirini mlichokuwa mkikifanya kwa mikono yenu kuanzia asubuhi mpaka jioni. Nitawauliza.