Eko chafu ya Tandika

Kama ulikaa Temeke, Tandika au Mbagala enzi zile, mchiriku, ule muziki wa mtaani wa Dar es Salaam, ulikuwa unausikia mtaa wa tatu kabla hujawaona wapigaji. Spika zao zilikuwa zile honi za mikutano ya siasa, na kinanda ni Casio kadogo ka plastiki ambako watu wengine walikuwa wanawanunulia watoto wao wachezee. Sasa kale kakipitishwa kwenye amplifaya iliyofunguliwa mpaka mwisho afu ikatokea kwenye honi, sauti inakwaruza mpaka meno yanauma, na hapo ndo utamu wenyewe ulipo, asiyeuelewa basi tena.

Mwaka 2009 nilikuwa najifunza kazi kwa fundi redio mmoja pale Tandika, mzee mtaratibu, hapendi makelele hata kidogo. Siku moja akaja mpiga kinanda wa kundi moja la huko Mbagala.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba, kimekufa nini tena?"

"Hakijafa kitu fundi. Nataka kinanda kijirudie, kama ile maiki ya karaoke."

Bahati nzuri chini ya meza kulikuwa na amplifaya ya karaoke ambayo transfoma yake iliungua na mwenyewe hakurudi kuifuata. Ndani ya zile amplifaya mara nyingi unaikuta aisi moja, yani chipu, ya Taiwan ina miguu 16, imeandikwa PT2399, hiyo ndo eko yenyewe, ule mwangwi. Inachukua sauti, inaigeuza namba, inaiweka kwenye kumbukumbu yake ndogo afu inaiachia baadaye kidogo. Mguu wa 6 ndo unaamua ichelewe kiasi gani, ukiweka rezista kubwa, kile kidude cha kubana umeme, kwenda graundi inachelewa zaidi, kwa kawaida mpaka milisekunde kama 340 hivi. Fundi akang'oa rezista ya kiwandani akaweka volyumu ya 50k, yani rezista ya kuzungusha kwa mkono, na kabla ya volyumu akatanguliza rezista ndogo, maana ukiwasha huku ule mguu uko karibu na sifuri aisi inaweza kugoma kuamka kabisa. Betri ya gari wanayopigia ni volti 12 na aisi inakula 5, basi ikafungwa 7805 katikati, kile kidude cha kushusha volti. Vyote vikaingia kwenye kopo la maziwa ya unga, kopo lenyewe likaungwa graundi ili lisinase muungurumo.

Tukajaribu. Aisee, eko laini, safi, inafifia taratibu. Fundi mwenyewe akatabasamu. Mpiga kinanda kasikiliza wee, akasema, "Nzuri fundi, ila hii ni ya kwaya."

Mzee hakuelewa kabisa. Na mimi namwelewa kwa nini, yani maisha yake yote watu wanamletea redio zinazokwaruza na analipwa kuondoa mkwaruzo, leo anatokea kijana anataka kulipa ili arudishiwe huo mkwaruzo! Akaniambia, "Dogo, mfanyie anavyotaka huyu, mimi naenda kuswali." Alasiri ilikuwa imeshaadhiniwa.

Basi nikashika pasi ya kuchomelea. Kuzunguka ile aisi kuna kapasita za kuchuja, kazi yake ni kuzuia ule mchakacho wa juu usitoke. Nikawa natoa moja naweka ndogo zaidi, anapiga, tunasikiliza, natoa nyingine. Kila nikipunguza anasema ongeza uchafu. Volyumu ya 50k nayo ilisaidia, maana ukiizungusha mpaka mwisho saa ya ndani ya aisi, yale mapigo yanayoiendesha, inakwenda polepole mno na sauti inatoka imechanikachanika. Mwisho nikaongeza volyumu ya pili inayorudisha eko kwenye mlango wa kuingilia. Hiyo ukiizidisha, eko haifi tena, inajilisha yenyewe inakua mpaka inakuwa yowe, hata kama mkono umeshatoka kwenye kinanda. Jamaa alicheka peke yake kama chizi.

Jumamosi yake nikaenda kwenye shughuli. Umeme umekatika mtaa mzima lakini wao wako na betri yao, hawana habari. Ikafika katikati ya usiku jamaa akapiga kipande kifupi, akainua mikono yote miwili juu watu waione, kinanda kikaendelea chenyewe, afu akashika volyumu ya mguu wa 6 akaanza kuivuta. Ukirefusha, sauti iliyomo ndani inashuka, ukifupisha inapanda, basi ile honi ikawa inalia inateremka inapanda, na ngoma chini haziachi. Watu walipagawa, akina mama waliojifunga khanga zao viunoni ndo usiseme.

Miaka mingi baadaye nimekuja kusoma habari za King Tubby wa Kingston, Jamaika, kumbe naye alikuwa fundi wa redio na TV kabla hajawa mfalme wa dabu, ule muziki wa rege uliojaa eko. Nikamcheka mzee wangu kimoyomoyo.

Maana wiki iliyofuata wakaja wapiga kinanda wengine, kila mmoja anataka kopo. Mzee akawasikiliza kwa heshima zote, hakubishana na mtu, akatoa bei: eko safi elfu kumi na tano, eko chafu elfu ishirini. Mmoja akauliza kwa nini chafu iwe ghali wakati ina vifaa vile vile. Mzee akajibu bila kuinua macho, "Ile safi naifanya mimi. Hii nyingine inabidi nimlipe huyu dogo, mimi siwezi kukaa nayo karibu."