Leo tulikuwa wanne

Jumamosi, saa nne usiku.

Vidole vya mkono wa kushoto vinawaka. Nimeoga, lakini unga wa mbao bado unanitoka masikioni. Leo, kwa mara ya kwanza tangu Januari, tulikuwa wanne ndani ya karakana tunamofanyia mazoezi ya bendi yetu ya roki, na nataka niandike kabla sijalala maana najua kesho mambo haya yatakuwa yamepoa.

Nilikuja Dodoma mwaka 2019, wizara yetu ilipohama kutoka Dar es Salaam. Wengi wetu tulikuja vilevile: begi, godoro, familia ikabaki nyuma hadi watoto wamalize mwaka wa shule. Mimi nilibeba na gitaa la umeme. Kwa miaka mingi lilikaa nyuma ya mlango wa chumba changu Ilazo, na usiku nililipiga bila kuliunganisha na spika, ule mlio mwembamba wa nyuzi peke yake, ili jirani alale. Unaweza kupiga gitaa peke yako hadi uzeeni na ukaridhika. Kwa roki haiwezekani. Roki inataka besi, lile gitaa la sauti nzito, ikushike miguu na ngoma ikusukume mgongoni, na kama hakuna anayekusukuma unabaki kama mtu anayegombana na ukuta.

Basi Januari nikaandika tangazo. "Natafuta mpiga besi, mpiga drams na mwimbaji wa bendi ya roki. Hakuna malipo, tunafanya kwa kupenda." Nikalibandika vyuoni, nikaliacha kwa fundi wa redio na spika kule Majengo, nikalituma kwenye makundi ya WhatsApp niliyomo, hata lile la msiba wa mwaka juzi ambalo hakuna aliyelifunga.

Walijibu watu kumi na mmoja. Tisa walikuwa waimbaji. Mji huu umejaa watu wanaotaka kuimba, na sisemi kwa ubaya, sauti haina gharama ya kununua na kila mtu anatembea nayo. Wawili waliobaki waliuliza bei. Nao nawaelewa kabisa. Anayeishi kwa kupiga kwenye harusi na hotelini, ukimwambia hakuna malipo ni kama umemwita fundi aje ajenge nyumba yako kwa upendo. Nilijifunza kulitamka jambo hilo mapema, kwa heshima, kabla mtu hajapanda bodaboda kunifuata.

Wengi waliuliza pia: roki ndiyo nini? Mwanzoni nilikuwa naeleza kwa maneno mengi. Baadaye nikawa nawarekodia nusu dakika ya gitaa kwenye simu na kuwatumia. Wengine hawakurudi tena.

Ilinichukua hadi Machi kuelewa kwamba vyombo vya muziki vya umeme katika mji huu viko makanisani. Ukitaka kujua nani anapiga besi Dodoma, tembea Jumapili saa nne asubuhi kwenye mitaa ya Area C na Kikuyu, utaisikia ikitetemesha mabati. Nilienda Jumapili tatu mfululizo, makanisa tofauti, nikakaa benchi la nyuma. Nilikuwa nimeenda kusikiliza besi, na nilimwomba Mungu radhi kwa hilo, kwa dhati.

Jumapili ya tatu nikamsikia. Kijana wa miaka ishirini na kitu, anafanya kazi duka la vipuri vya pikipiki. Hakupiga noti nyingi. Kilichonishika ni kwamba kila ubeti ulipoisha alinyanyua kidole, akaacha pigo moja likapita tupu, halafu akaingia pamoja na kwaya. Pigo moja tu. Kanisa zima lilikuwa linavuta pumzi ndani ya lile pengo bila kujua. Nikasema moyoni, huyu ndiye.

Yeye alitaka. Ila akaniambia, "Kaka, lazima uongee na mzee wa kwaya kwanza. Mimi siwezi kumruka."

Nikaenda nyumbani kwa mzee siku ya Jumatano jioni. Shikamoo mzee. Marahaba mwanangu, karibu, kaa. Chai ikaja, maandazi yakaja, na maswali yakaja kama nimepeleka posa: natoka wapi, nafanya kazi gani, nimeoa, nasali wapi. Halafu akasema anachokisikia kuhusu roki ni kelele, ulevi na muziki wa wazungu.

Nilikuwa nimejiandaa. Nikamwambia Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, bendi ya roki ya Uingereza, alizaliwa Unguja mwaka 1946. Nikamwambia Dar es Salaam yenyewe ilikuwa na bendi ya Sunburst miaka ya 1970, magitaa yenye mkwaruzo na maneno ya Kiswahili, na kwamba Zambia enzi hizohizo vijana waliupiga muziki huu kwa wingi hadi ukapewa jina lake, Zamrock. Mzee alisikiliza kwa adabu na hakuna hata kimoja kilichomgusa. Niliona waziwazi.

Kisha akaniuliza, "Huo wa kwenu unasema nini?"

Nikamjibu ukweli. Bado hausemi kitu, mzee. Mwimbaji hatujampata.

Akanyamaza. Akasema, "Basi mkiandika maneno, mniletee niyasome. Besi la kanisa halitoki kanisani. Na Jumamosi saa kumi na mbili jioni kijana awe kwenye mazoezi ya kwaya, asichelewe." Nilitoka pale nikiwa nimepewa mtu na mpaka wa muda kwa pamoja, na mpaka huo umetusaidia kuliko nilivyodhani. Hatuna nafasi ya kupoteza kwa kupiga soga.

Besi tulichangishana tukanunua la mtumba. Ufunguo mmoja wa kukazia nyuzi ulishavunjika zamani, mwenyewe wa kwanza akaweka wa aina nyingine, na huo ndio unaolegea kila tukianza kupata moto. Nyuzi ninaagiza Kariakoo, Dar es Salaam. Tangu treni ya umeme ianze kufika huku mwaka 2024, nikimpata mtu anayepanda asubuhi, jioni ninazo mkononi. Zamani ilikuwa ni kusubiri basi na kuomba kifurushi kisikae juu ya ndoo ya samaki. Tatizo ambalo treni haitalitatua ni ukavu wa hapa. Kuanzia Juni hewa inanyonya maji kwenye mbao, shingo ya gitaa inajikunja kidogo, na ncha za vile vyuma vya kwenye shingo zinachomoza na kukukwaruza kiganja. Mimi huweka kitambaa chenye unyevu ndani ya mfuko wa gitaa. Ni jambo dogo, lakini nalifanya kila usiku.

Karakana ni ya fundi seremala, Ipagala. Jumamosi anafunga saa nane, anatuachia kwa shilingi elfu kumi na umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla ya kutumia, tunanunua wenyewe. Mbao za mkongo zimesimamishwa ukutani pande tatu, na zenyewe zinakula mwangwi vizuri kuliko chumba chochote nilichowahi kupigia. Ukigusa ubao wakati besi inalia unausikia ukitetemeka kama mbavu za ng'ombe.

Mwimbaji alikuja kupitia kijana wa besi, mwanafunzi wa mwaka wa tatu Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), binti mpole ambaye akishika maiki unatafuta yule mpole umwone ameenda wapi. Nitamwandika siku nyingine. Anamaliza mwaka huu na hilo silipendi kuliwaza usiku huu.

Mpiga drams ndiye aliyetutesa. Wa kwanza alikuwa mtumishi kama mimi, mkono mzuri, mcheshi. Tulifanya naye mazoezi mara tatu, ya nne akaja na barua ya uhamisho, Kigoma. Alituonyesha barua kama mtu anayeonyesha cheti cha hospitali. Wa pili anapiga hotelini na alikuja na drams zake. Alipiga vizuri mno, lakini kila wimbo ulipoisha aliangalia saa, na kwa kuwa kweli alikuwa na pa kwenda sikuweza kumkasirikia. Nilijipa moyo kwamba Queen nao walipitia wapiga besi kadhaa kabla ya kumpata John Deacon mwaka 1971. Faraja hiyo ilidumu kama siku mbili. Mji huu kila mtu amekuja na anaweza kuondoka. Ofisi ikihama anahama, chuo kikiisha anaondoka. Na bendi, kabla ya kitu kingine chochote, inataka mtu atakayekuwepo Jumamosi ijayo.

Mwezi uliopita nilikwenda Chamwino kwenye sherehe ya kumuaga binti wa mfanyakazi mwenzangu. Spika za MC zilikuwa zimezima, jenereta limegoma, watu wamekaa wanajipepea kwa kadi za mwaliko. Ndipo akina mama watano wakasogea katikati na ngoma zao za muheme. Kwa asiyezijua, ni ngoma ya wanawake wa Kigogo, kabila la hapa Dodoma, ina kiuno chembamba, mpigaji anaibana mapajani na kuipiga kwa viganja. Wanne walipiga kwa furaha. Wa tano, mama wa makamo mwenye kitenge cha kijani, hakucheka wala hakuangalia mtu. Alikuwa ameushika mwendo. Wenzake walitoka, wakarembesha, wakapotea, wakarudi, na kila waliporudi walimkuta palepale alipokuwa. Nilisimama nikasahau sahani ya pilau mkononi.

Alipomaliza nikamfuata. Mbukwa mama, shikamoo. Alicheka kusikia Kigogo changu cha salamu tu, akaitikia. Ni mwalimu wa shule ya msingi, ana wajukuu wawili, anakaa Ipagala, mitaa miwili kutoka karakana. Mitaa miwili! Miezi yote ile nimebandika karatasi vyuoni na mtu nilikuwa nampita nikienda kununua nyanya.

Nikamweleza. Akaniuliza tunapiga siku gani, saa ngapi, na kama kuna pombe. Nikamjibu. Akasema, "Mwanangu, hizo ngoma zenu za vyuma mimi sizijui. Nitakuja na yangu."

Na leo amekuja nayo, ameifunga kwenye khanga mgongoni kama mtoto.

Saa nzima ya kwanza ilikuwa mbaya. Sisi tunahesabu moja mbili tatu nne. Mkono wake unasema moja mbili tatu, moja mbili tatu. Tukianza pamoja, baada ya kitambo kidogo tulikuwa kama watu wawili wanaopita mlangoni kwa wakati mmoja. Mimi nikazidisha sauti, nikidhani nikipiga kwa nguvu atanifuata. Kijana wa besi ndiye aliyeweka chombo chini, akakaa kwenye gogo karibu na mama, akafumba macho na kuanza kugonga mguu. Alikaa vile muda mrefu. Halafu akaniambia, "Kaka, usimhesabie. Pigo letu moja limebeba matatu yake. Mpe nafasi ndani ya kila moja."

Akachukua besi. Akapiga noti moja tu kwa kila pigo, nzito, na mapigo matatu ya mama yakaingia ndani ya kila noti, pa-ka-ta, pa-ka-ta, pa-ka-ta, pa-ka-ta. Nne zetu zilikuwepo muda wote. Mimi nilikuwa nazikimbiza. Nikaingia na gitaa polepole, nikiogopa kuvunja kitu. Binti akaanza kuimba bila maneno, sauti tu, na vile vumbi la mbao lilivyokuwa likiruka kwenye mwanga wa dirishani niliona kabisa likiruka kwa mwendo wa ngoma.

Baadaye nikakanyaga pedali ya mkwaruzo, kile kifaa cha mguuni kinachofanya sauti ya gitaa ikwaruze. Nilikuwa nimeiacha kwa makusudi, nikihofia mama ataona ni zile kelele alizosimuliwa. Mama akaacha kupiga. Tukaacha sote. Akaniambia, "Rudia hiyo."

Nikarudia.

"Hiyo inalia kama marimba ya marehemu baba."

Akatueleza, na mikono yake ikawa inaonyesha: marimba ya Kigogo, vile vijiti vya chuma juu ya sanduku la mti, na kwenye sanduku kuna tundu, na juu ya tundu baba yake alikuwa anabandika utando wa buibui, ule mweupe anaotagia mayai. Utando ukitetemeka, sauti inakwaruza. Bila ule utando baba hakukubali kupiga, alisema marimba imekufa. Nimemsikiliza marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, tangu nikiwa mdogo, redio ya baba ikimpiga, na ule mkwaruzo chini ya marimba yake nilidhani ni redio mbovu. Miaka yote hiyo. Ilikuwa ni ufundi, mtu ameutafuta kwenye pembe za nyumba akaubandika kwa mkono wake kwa sababu aliupenda.

Nilikaa chini kidogo. Machozi yalinilenga na sikuyaficha.

Tangazo langu lilikuwa linauliza nani anapenda roki. Nimeliondoa leo kwenye makundi yote.

Saa kumi na moja na nusu kijana alikimbilia kwenye kwaya. Binti amechukua daftari, anasema ana maneno ya ubeti wa kwanza, na tumekubaliana yakikamilika nitayapeleka kwa mzee mwenyewe nikiwa nimenyoosha shati. Fundi seremala, ambaye siku hizi anachelewa kuondoka, ameahidi kumtengenezea mama kistuli kifupi ili magoti yake yakae sawasawa na ngoma. Mama amesema Jumamosi ijayo atakuja na marimba ya baba yake, iko juu ya kabati, utando ulishatoboka. Binti na mimi tumepewa kazi ya kutafuta buibui. Na uniti za umeme zimebaki tatu, zamu ya kununua ni yangu.