Siku moja na mkaa wa filta

Saa 12 asubuhi. Kabla ya chai naosha mkaa. Si wa jikoni. Ni kaboni amilifu ya filta za matangi ya samaki, chenga nyeusi zilizotokana na vifuu vya nazi. Maji ya kwanza hutoka kama wino. Nasuuza hadi yatakate, ndipo nijaze vimfuko vya neti.

Saa 3, Tabata. Mzee kaweka gogo zuri tangini, maji yamekuwa rangi ya chai. Hapo ndipo mkaa unapoonyesha kazi. Nauweka baada ya sponji, uchafu ubaki kwenye sponji, mkaa ukutane na maji yaliyokwisha chujwa.

"Mbona usitumie wa gunia, kijana wangu?"

Nikamweleza: huu umepitishwa kwenye mvuke wa moto mkali, zaidi ya nyuzi 800, ukafunguka vitundu visivyoonekana kwa macho. Kuta za vitundu vya gramu moja tu, ukizitandaza, hupita mita za mraba 500. Rangi na harufu hunasa humo. Vikijaa, basi, hata uuchemshe haurudi. Mimi hubadilisha kila wiki 3 au 4.

Saa 6, Sinza. Hapa moyo uliniuma. Samaki wana madoa meupe kama chembe za chumvi, wanajisugua kwenye mawe.

"Shikamoo mama. Dawa umeweka?"

"Marahaba. Tangu juzi, mwanangu. Jioni maji yanakuwa ya bluu, asubuhi meupe pe!"

Nikafungua filta. Kimfuko cha mkaa kimo. Dawa yote ilikuwa inaishia mle, samaki hawapati kitu. Aliyemuuzia dawa hakumwambia neno, na hilo linanikera kila mara, maana ni sentensi moja tu: toa mkaa kwanza. Nikautoa, sponji nikaiacha, tukaanza dozi upya kwa kipimo cha kwenye chupa. Tiba ikiisha nitarudi na mkaa mpya, unyonye dawa iliyobaki.

Saa 9, Kinondoni. Tangi jipya, samaki wanahema juu juu. Kipimo kinaonyesha amonia, sumu itokayo kwenye kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula. Mwenyewe anataka mkaa zaidi, nikakataa. Mkaa haukamati amonia. Tukabadilisha maji, tukapunguza chakula. Wanaoimaliza amonia ni bakteria wa kwenye sponji, nao wanahitaji wiki kadhaa kuongezeka.

Saa 2 usiku simu inaita. Ni mama wa Sinza: "Mwanangu, maji bado ya bluu!"