Kabati la joto na mayai ya chura

Leo nimerudi nyumbani moyo mzito, na sababu ni mayai ya chura.

Wengi mnajua nasomea biolojia. Maabara yetu inafuga Xenopus, chura wa kusini mwa Afrika. Yai lake ni la milimita moja na ushee, juu jeusi, chini jeupe. Likisharutubishwa hukaa kama dakika 90, ligawanyike, kisha kila nusu saa hivi linagawanyika tena.

Asubuhi nilikuwa na sahani mbili. Moja ya viinitete, yaani mayai yaliyorutubishwa na kuanza kukua, vya seli nane tu, nyingine ya vile vya jana. Zote zilikuwa ndani ya kabati la joto.

Kabati likaharibika. Badala ya nyuzi 22, nimekuta 34.

Vya jana karibu vyote vizima.

Vile vichanga, jamani... seli shaghalabaghala, moja kubwa, jirani yake kama punje.

Seli ikipata joto kali hutengeneza protini za kinga, zinazozuia protini nyingine zisipoteze umbo. Ila kiinitete cha chura hakiwashi jeni zake sawasawa mpaka kigawanyike mara 12 hivi, kikiwa na seli kama 4,000. Kabla ya hapo kinaishi kwa akiba aliyoiacha mama ndani ya yai, hakiwezi kujitengenezea kinga hiyo. Vya jana vilishavuka hatua hiyo, vichanga bado. Basi.

Kimoja nilikitazama muda mrefu kwenye hadubini. Mstari wa kugawanyika ulianza, ukafika katikati, ukasimama.

Bado nauona.

Wenzangu wa maabara, imewahi kuwakuta? Nanyi mnaokaa karibu na mabwawa, vyura wenu hutaga wapi jua likiwa kali?