Shangazi Hayumo Kwenye Orodha

Fomu ya likizo ya msiba hapa kazini ina visanduku vya kutia alama: mzazi, mume au mke, mtoto, ndugu wa tumbo moja, babu au bibi. Basi. Nikamwandikia meneja kwamba aliyefariki ndiye aliyenilea tangu darasa la nne, na kwamba ripoti zangu zote za shule zilisainiwa na yeye. Akanijibu kwa adabu sana, pole nyingi, halafu chini kabisa: shangazi si familia ya karibu, unaweza kuchukua siku moja bila malipo, mradi upate mtu wa kushika zamu yako.

Siku moja! Mimi niko Leeds, Uingereza, maiti iko Nakuru, Kenya, kaburi linachimbwa Kimilili.

Sasa sikilizeni hii. Kuna bibi mmoja hapa kwenye makao ya wazee ambaye mimi ndiye humwogesha asubuhi. Hakujaliwa watoto. Kwenye faili lake, pale pa ndugu wa karibu, pameandikwa mpwa wake. Bibi akianguka chooni saa nane usiku, huyo mpwa ndiye tunayempigia simu, na tusipompigia tuna kesi. Kwa hiyo mpwa wa hapa ni ndugu wa karibu, lakini mpwa wa Bondeni kule Nakuru ni mpita njia. Hoja hiyo niliiandika kwenye barua ya pili. Mpaka leo kimya.

Senge, yaani shangazi yangu huyo, naye hakuzaa. Tangazo la kifo liliandikwa "mke mpendwa, shangazi wa wengi", na waliomjua walielewa kwa nini hakukuwa na "mama wa". Kwa mumewe ndugu walishatuma ujumbe zamani, tena si mara moja, kwamba mwanamume hawezi kuzeeka hivyo, atafutiwe mwingine. Mjomba, aliyekuwa akifanya kazi reli, aliwajibu: "Mimi nimeoa. Kuzaa zaeni nyinyi." Wakazaa kweli, wakatuleta. Nyumba ile ya vyumba viwili haikuwahi kukosa mpwa anayelala chini ya meza, na mimi nililala hapo mpaka kidato cha nne.

Senge alikuwa akiuza viazi soko la Wakulima. Mnaojua soko lile mnajua lori za Molo na Mau Narok huingia kabla hakujapambazuka, na anayechelewa anabaki na mabaki. Saa kumi alfajiri Mjomba alikuwa anamtangulia na tochi mpaka langoni, mvua inyeshe isinyeshe, halafu anarudi kutupikia uji. Majirani walimcheka, mwanamume mzima na mwiko. Hakuwahi kuonekana kujali.

Na vita vya lumbesa! Sheria inasema gunia la viazi ni kilo 50, lakini kila mtu ameona lumbesa, gunia lililoshonewa wavu juu mpaka linafanana na mjamzito wa miezi tisa, na mkulima analipwa kama gunia moja. Senge alikuwa mnunuzi, kwa hiyo lumbesa ilikuwa faida yake. Bado aliwagombeza madalali mbele ya watu. "Huyu wa Molo naye ana karo," alikuwa anasema. Kisha akimuuzia mama wa mtaa wa Kivumbini anajaza debe mpaka linafanya kilima, anaongeza viwili mkononi, anamuuliza mtoto anaendeleaje na kifua. Faida ilitoka wapi sijui, lakini karo yangu ililipwa.

Januari 2008, Nakuru ilipowaka kwa ghasia za baada ya uchaguzi, sebule ile ililaza watu ambao nje walikuwa wakiwindana. Aliwapanga chini kama magunia, akawaambia siasa imebaki mlangoni na viatu. Watu wengine walikuwa wamekimbilia uwanja wa Afraha na Showground. Yeye alikuwa akipeleka huko viazi vilivyochemshwa, kwenye ndoo ya rangi iliyosuguliwa vizuri. Hilo halikuandikwa kwenye fomu, hakuna kisanduku chake.

Nyinyi mlio nyumbani mnaoniandikia "bro nifungulie njia", someni vizuri. Kima cha chini cha mshahara hapa kilikuwa pauni 12.21 kwa saa kuanzia Aprili 2025. Najua mmeshazidisha kwa shilingi, mmefurahi. Sasa toeni kodi ya nyumba, toeni basi, toeni umeme wa Novemba, halafu mniambie nauli ya dharura ya kwenda kuzika inatoka wapi. Likizo ya msiba yenye malipo, kwa sheria, ni ya mzazi aliyefiwa na mtoto wa chini ya miaka 18. Waliobaki wote ni huruma ya mwajiri, kwa hiyo kabla ya kusaini mkataba ulizeni ukurasa huo uko wapi. Na kazi hii ya kutunza wazee imefungwa kwa wanaoajiriwa kutoka nje tangu tarehe 22 Julai 2025. Anayewauzia viza hiyo leo, awe na ofisi yenye zulia au asiwe nayo, anawaibia.

Dada mmoja wa Kerala, India, tunayefanya naye kazi alisikia nikibishana na simu koridoni. Hakuniuliza huyo alikuwa nani wako. Alichukua zamu yangu, akakataa nimrudishie, akaniletea wali kwenye kontena. Kwa hiyo mazishi niliyaona kwa simu, nimekaa kitandani na koti. Mtandao ulikatika Mjomba alipopewa maikrofoni. Uliporudi, mbunge fulani alikuwa anaomba kura.

Alichosema Mjomba alinisimulia mwenyewe baadaye. Alikuwa amekuta daftari la madeni la Senge chini ya godoro, akawa anajiuliza awadai vipi wanawake wa soko wakati wa matanga. Hakudai. Walikuja wenyewe na bahasha, wengine hata majina yao hayakuwa kwenye daftari. Mmoja alisema deni lake ni la mwaka wa mafuriko, Senge alikataa kuliandika.

Sasa kumebaki binti mmoja pale nyumbani, wa gredi ya 10, lile kundi la kwanza kabisa la mtaala mpya, la Januari 2026. Karo ya muhula wa kwanza nimeichukua mimi. Mjomba naye anataka kuendelea na kibanda. Nimemwambia magoti hayo hayawezi saa kumi alfajiri. Ameniambia magoti ni yake, nimtumie tochi.