Tu-stroki 250: nguvu nimeiacha ilivyo, nimebadilisha inavyokuja

Hii pikipiki ninayo karibu miaka miwili sasa, tu-stroki ya cc 250 iliyotengenezwa kwa ajili ya motokrosi, na kila mtu akiipanda anashuka na neno moja tu, ina nguvu mno. Mimi pia nilikuwa nasema hivyo hivyo mpaka nilipokaa nikaifikiria vizuri nikaona hapana, nguvu haina shida, shida ni inavyokuja. Unavuta mafuta kidogo, kimya, unaongeza, bado kimya, halafu ghafla tairi la nyuma linachimba lenyewe na mti ule uliokuwa mbali uko usoni kwako. Kwenye uwanja mpana wa mashindano hiyo kitu ni tamu sana sikatai, lakini mimi naendesha msituni, njia nyembamba, mizizi, mawe yenye unyevu, na huko unahitaji pikipiki inayosikia mkono wako.

Kwanza ujue kwa nini iko hivyo. Tu-stroki inawaka kila krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) ikizunguka mara moja, wakati fo-stroki inasubiri mizunguko miwili. Halafu kuna lile tumbo la ekzosi, lile halijawekwa kwa urembo, mawimbi ya presha yanaenda mpaka mwisho yanarudi na kuusukuma mchanganyiko wa petroli uliotaka kutoroka urudi ndani ya silinda, ila yanarudi kwa wakati mzuri kwenye resi fulani tu, yaani kasi fulani ya injini kuzunguka. Chini ya hapo ekzosi haikusaidii chochote, ukifika hapo inakusaidia kwa mpigo mmoja. Pawa valvu, kile kilango kwenye tundu la moshi la silinda, ndiyo inapunguza hilo pengo, resi zikiwa chini inaziba sehemu ya juu ya tundu la moshi, zikipanda inafungua. Honda CR500 haikuwahi kuwa na pawa valvu mpaka inaacha kutengenezwa 2001, na watu walikuwa wanazipanda hizo milimani siku nzima, nawaheshimu sana.

Sasa kosa langu la kwanza, nalisema ili mwingine asilirudie. Nilisikia kwamba ukipunguza kompresheni, yaani mchanganyiko usibanwe sana ndani ya silinda, pikipiki inakuwa laini, nikaona njia rahisi ni kuweka gaskiti nene chini ya silinda. Nikafunga, nikawasha, nikatoka, na pikipiki ikawa kali kuliko mwanzo! Nilihangaika wikendi nzima nikidhani kabureta imeharibika. Kumbe ukiinua silinda unainua na matundu yote pamoja nayo, tundu la moshi linafunguka mapema zaidi, na hiyo inapeleka nguvu juu kabisa kwenye resi kubwa na chini panazidi kuwa patupu. Kama unataka kushusha kompresheni shughulika na hedi, kile kifuniko cha juu cha silinda, mpe fundi mwenye mashine ya kuchonga na anayejua kupima nafasi kati ya pistoni na hedi, gaskiti ya chini iache unene wake wa kiwandani.

Nikarudi mwanzo, nikaanza na kabureta, na naona hapo ndipo kila mtu aanzie kwa sababu haina gharama kubwa. Yangu ilikuwa inakunywa mafuta mengi mno resi za chini, ukikaa kwenye njia ya polepole injini inajaa, inakohoa, halafu ukivuta inajisafisha na kuruka kwa mpigo, nusu ya ule ukali niliokuwa naulalamikia ulikuwa unatoka hapo. Jeti ndogo, ile inayopitisha petroli ya resi za chini, ilikuwa 48 nikashusha mpaka 45, kibanio cha sindano nikakipandisha ngazi moja ili sindano ishuke na petroli ipungue. Nenda hatua moja moja, endesha, toa plagi uitazame, rangi ya kahawia ndiyo unayoitafuta, ikiwa nyeupe rudi nyuma haraka, maana oili ya tu-stroki hii imechanganywa kwenye petroli, ikikosa mafuta inakosa na oili na pistoni inakwama.

Halafu flaiwili, lile gurudumu la chuma linalozunguka mwishoni mwa krenki. Jamani, flaiwili! Kama ningeambiwa nichague kitu kimoja tu kati ya vyote ningechagua hiki. Ya kiwandani ni nyepesi ili injini ipande resi upesi, mimi nikaweka uzito wa ziada karibu gramu 280. Unatoa kava ya kushoto, unafungua nati, unafunga pula (kifaa cha kuvutia flaiwili itoke) yenye uzi unaolingana (usigonge kwa nyundo, utaharibu krenki), unakaza polepole mpaka unasikia "tak" na flaiwili inaachia. Ndani kuna kile kipande kidogo cha chuma chenye umbo la nusu mwezi, mimi kilinidondokea kwenye majani nikakitafuta kwa tochi kama dakika ishirini, hivyo tandika kitambaa cheupe chini kabla hujaanza. Futa ile sehemu ya krenki iliyochongoka iwe kavu kabisa haina hata tone la oili, rudisha, kaza kwa spana ya kupimia kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki yako.

Nguvu haikuongezeka wala kupungua, lakini sasa injini inapanda resi kwa utaratibu, tairi linashika badala ya kuzunguka bure, na haizimiki ovyo nikigusa breki ya nyuma kwenye kona. Ubaya wake ni kwamba ukiachia mafuta inachelewa kidogo kushuka, na ukiruka hewani unahisi ni nzito kuigeuza, kwa mtu wa motokrosi hilo litamkera.

Pawa valvu nayo niliigusa, springi ngumu kidogo ili ichelewe kufunguka na ifunguke taratibu. Wenye KTM za 250 na 300 za miaka ya nyuma wamerahisishiwa, springi zinakuja kwa rangi, nyekundu inaleta nguvu kali, njano ya katikati, kijani nguvu laini, unabadilisha hata ukiwa porini. Ukiwa hapo safisha valvu yenyewe, masizi yakijaa inakwama na hakuna springi itakayokusaidia.

Sproketi, zile gia za mnyororo, nilijaribu nikarudisha. Mbele 13 na nyuma 50, nikaweka 14 mbele, na jino moja la mbele ni kama meno matatu na nusu ya nyuma, si kidogo. Ukali ulipungua kweli lakini kwenye kona za kubana nikawa naishi kwenye klachi mpaka inanuka. Nimerudi 13. Nilifunga pia bomba la mkono wa mafuta linalofungua kabureta polepole mwanzoni, hilo nimelibakiza, linasaidia sana mkono ukichoka.

Jumamosi nimepanda ule mlima wa mizizi ambao nilikuwa naupanda gia ya pili nikiwa nimeshika pumzi, nimeupanda gia ya tatu nimekaa, mafuta robo, tairi halikuteleza hata mara moja mpaka juu. Niliporudi nikafungua kava nikaangalia nati ya flaiwili, imekaa pale pale nilipoiwekea alama ya kalamu.