Nimetoka Mkoani mpaka Shangani kwa ajili ya Uledi

Boti ya Mkoani siielezi sana mnaijua, nauli inapanda, kule chini joto, watu wanatapika mpaka tunaingia Malindi. Nilichokifuata Unguja ni nyumba ya Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa watumwa na pembe za ndovu, pale Shangani, maana nimekuwa nasoma habari za ule msafara wa mpelelezi Stanley wa mto Kongo, nikasema lazima nikaione.

Papasi, wale wanaowafuata watalii kuwatembeza, kanidaka mlangoni, kijana tu, anataka elfu 20 anieleze historia yote. Ghali hiyo jamani, tena mtu nimetoka Pemba! Tukakubaliana 10. Akaanza, Stanley kafanya hivi, Stanley kapita kule, Tippu Tip kamsindikiza, basi kamaliza. Nikamuuliza mdogo wangu, ile boti ya msafara, Lady Alice, usukani kashika nani? Ati Stanley mwenyewe. Iliniuma kwa kweli.

Usukani kashika Uledi, muungwana aliyeondoka na msafara huu huu wa Unguja. Ile boti ilikuwa ya kuunganisha vipande, na ilipofika hapa 1874 vipande vyake vilikuwa vizito havibebeki, fundi akavikata tena, wapagazi wakaibeba mabegani kutoka Bagamoyo mpaka ziwani na baadae mpaka mtoni. Tippu Tip aliwasindikiza kutoka Nyangwe, mji wa huko juu mtoni, Desemba 1876 akarudi zake, wenzake wakaendelea kuteremka na maji na yale maporomoko mpaka mji wa Boma, karibu na mdomo wa mto, Agosti 1877. Mitumbwi ikipinduka Uledi ndo anajirusha majini, kaokoa watu wengi mno. Halafu ikaja njaa, akakutwa kaiba shanga, na shanga ndo pesa ya chakula cha wote, akahukumiwa viboko. Mdogo wake Shumari akasimama akasema nusu nipigeni mimi. Binamu yao Saywa akasema na hiyo nusu ilobaki nipigeni mimi. Wakasamehewa wote. Mie niliposoma pale nilishindwa kuendelea, nikamfikiria kaka yangu.

Yote haya nimemweleza yule kijana tumesimama juani, akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza jina linaandikwaje, akaliweka kwenye simu.

Sasa na nyie, mwenye babu aliyekuwemo kwenye msafara ule au aliyesikia chochote kwa wazee wake naomba aniandikie. Waliondoka zaidi ya 300, waliorudi Unguja Novemba 1877 ni mia na kitu tu, na majina yao yaliandikwa, kwa hiyo wajukuu wanatafutika.